Gharama za matibabu na kodi ya mapato: mwongozo kamili kwa mwajiriwa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam

Kila mwaka inapokaribia tarehe 30 Juni, ambayo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, kwa wafanyabiashara ambao mwaka wao wa hesabu huishia Desemba, hawakosi wateja wanaonijia Kariakoo na bahasha ya kaki iliyojaa risiti za hospitali: vipimo vya damu, kitanda cha siku nne, dawa za shinikizo, miwani ya mama. Huzimwaga mezani na kuuliza zitapunguza kodi kwa kiasi gani. Jibu ninalolazimika kuwapa ni kwamba, kwa sheria ya Tanzania Bara, matibabu ambayo mtu ameyalipia kutoka mfukoni mwake hayapunguzi kodi yake ya mapato hata kwa shilingi moja. Wapo wanaoondoka wakiamini kwamba mhasibu ni mvivu. Hata hivyo sheria haikuyasahau matibabu. Imeyawekea nafuu yake mahali ambapo wengi hawapatazami, yaani katika mikono ya mwajiri, na nafuu hiyo hupangwa kabla ya mtu kuugua.

Niseme pia kuhusu ushauri unaosambaa kwenye simu. Anayesoma kwamba gharama za matibabu zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato hukatwa kabla ya kodi anasoma sheria ya Marekani, na hata huko inamhusu tu mlipakodi anayeorodhesha makato yake moja moja. Anayesoma kwamba mlipaji wa bima hurudishiwa asilimia 15 ya michango yake, isiyozidi shilingi 5,000 za huko kwa mwezi, anasoma sheria ya Kenya. Kwetu inayotawala ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, na hasa kifungu cha 7 kinachohusu mapato ya ajira na kifungu cha 11 kinachohusu matumizi yanayoruhusiwa kupunguza faida ya biashara.

Hatua ya kwanza: tambua kodi yako inatozwa juu ya nini

Kabla ya kuhesabu risiti yoyote, jiulize Mamlaka ya Mapato, TRA, inakutoza kodi kwa njia ipi, kwa sababu njia nyingine hazina nafasi ya makato kabisa.

Mwajiriwa asiye na chanzo kingine cha mapato hukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, na mwajiri wake kila mwezi, na kwa kawaida hatakiwi kuwasilisha ritani ya mwaka. Maana yake ni kwamba hana fomu ambayo angeweza kuandika gharama za matibabu hata kama angetaka. Kila kitu huamuliwa kwenye orodha ya mishahara. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka na yumo katika mfumo wa makadirio hulipa kodi kwa kuangalia mauzo, si faida, kwa hiyo hata mishahara ya vijana wake haipunguzi kodi hiyo, sembuse dawa. Mwenye nyumba asiyefanya biashara, anayeishi kwa pango na kukatwa asilimia 10 na mpangaji kama kodi ya zuio ya mwisho, yaani inayokatwa wakati wa malipo na kumaliza hesabu, naye hana pa kukata chochote.

Wanaobaki ni wawili: mwajiriwa ambaye mwajiri wake yuko tayari kupanga matibabu vizuri, na mfanyabiashara au kampuni inayolipa kodi juu ya faida iliyo kwenye hesabu. Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu ni yao.

Hatua ya pili: soma hati yako ya mshahara mstari kwa mstari

Chukua hati ya mwezi uliopita na utafute mstari unaotaja matibabu. Unaweza kuukuta katika sura tatu, na tofauti kati ya sura hizo ndiyo kiini cha jambo zima.

Sura ya kwanza ni posho ya matibabu, yaani kiasi kisichobadilika kinachoingia pamoja na mshahara kila mwezi, uumwe usiumwe. Jina lake ni zuri lakini kwa macho ya kodi ni fedha taslimu kama mshahara, kwa sababu hakuna anayehoji kama umeitumia kwa daktari au umelipia ada ya shule. Inajumlishwa kwenye mapato na kutozwa PAYE.

Sura ya pili ni malipo ambayo mwajiri huyapeleka moja kwa moja hospitalini au kwa kampuni ya bima kwa ajili yako. Hayo, yakitimiza masharti nitakayoyaeleza hivi punde, kifungu cha 7 kinayatoa nje ya mapato ya ajira. Mara nyingi huyaoni kwenye hati kabisa, na hilo si kosa.

Sura ya tatu ni mchango unaokatwa kwenye mshahara wako mwenyewe. Mtumishi wa umma huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza asilimia 3 nyingine. Watu wengi hudhani mchango wao unatolewa kabla ya PAYE kama ilivyo kwa mchango wa pensheni wa NSSF au PSSSF. Sivyo. Kinachotolewa kabla ya kukokotoa PAYE ni mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii ulioidhinishwa kwa ajili ya mafao ya uzeeni. Mchango wa bima ya afya wa mfanyakazi hukatwa kutoka kwenye kile kilichokwisha kutozwa kodi. Sehemu ya mwajiri ndiyo yenye nafuu.

Tuone kwa tarakimu, tukitumia viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021. Mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 1,300,000 anachangia NSSF asilimia 10, yaani 130,000, hivyo yanabaki mapato ya 1,170,000 yanayotozwa kodi. Kwa milioni ya kwanza kodi ni 128,000, na kwa kila shilingi inayozidi ni asilimia 30, kwa hiyo 170,000 iliyozidi inaongeza 51,000. Jumla ni 179,000. Sasa mwajiri amwongezee posho ya matibabu ya 150,000. Tukiacha pembeni suala la NSSF juu ya posho hiyo, kodi inapanda kwa 45,000 na kufika 224,000, na mfanyakazi anabaki na 105,000 ya matibabu. Lakini kama mwajiri angepeleka 150,000 hiyohiyo kwa kampuni ya bima, kodi ingebaki 179,000 na fedha yote ingekwenda kwenye matibabu. Kwa mwaka tofauti ni shilingi 540,000, ambazo zinapotea kwa sababu ya mstari mmoja kuandikwa vibaya.

Kwa mwenye mshahara mdogo tofauti ni ndogo lakini ipo. Anayepata 600,000 hutoa NSSF 60,000 na kutozwa kodi juu ya 540,000, yaani 24,000. Posho ya 50,000 inaipandisha hadi 34,000. Na asiyefika 270,000 kwa mwezi hakatwi PAYE, kwa hiyo kwake hoja ya kodi haipo, ingawa bima yenyewe bado ina maana.

Hatua ya tatu: pima mpango wa matibabu kwa masharti ya sheria

Sheria haisamehi kila kitu kinachoitwa bima. Inasamehe huduma za matibabu, malipo ya matibabu na malipo ya bima ya matibabu kwa ajili ya mfanyakazi mwenyewe, mwenza wake na watoto wao wasiozidi wanne, na inataka mwajiri avitoe kwa wafanyakazi wake bila ubaguzi. Kila neno hapo lina uzito.

Anza na watoto. Mfanyakazi mwenye watoto watano ambaye mwajiri amewaingiza wote kwenye bima ana mtoto mmoja aliye nje ya msamaha. Tuseme bima inatoza 400,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na namba hii ni ya mfano tu. Gharama ya mtoto wa tano, ambayo ni kama 33,333 kwa mwezi, inapaswa kuongezwa kwenye mapato ya mzazi, na kwa aliye kwenye kiwango cha asilimia 30 hiyo ni PAYE ya karibu 10,000 kila mwezi. Mwajiri anayeiacha hajamfanyia mfanyakazi wema. Siku ya ukaguzi anayedaiwa PAYE isiyokatwa, pamoja na riba, ni mwajiri.

Kisha kuna wazazi, na hapa ndipo watu wa Dar es Salaam wanapokwama zaidi, maana ni nani kati yetu asiyemtibu mama yake? NHIF huruhusu mwanachama kuandikisha mwenza na wategemezi wanne, na kati ya hao wanne wanaweza kuwamo wazazi au wakwe. Hiyo ni kanuni ya mfuko. Sheria ya kodi, kwa upande wake, ikisema wanne inataja watoto tu. Wanne wa bima na wanne wa kodi si lazima wawe watu walewale, na nimeona orodha za mishahara zilizochanganya mambo hayo mawili kwa miaka. Mwajiri akilipia bima binafsi ya baba mzazi wa meneja wake, gharama hiyo ihesabiwe kama sehemu ya mapato ya meneja.

Sharti la kutobagua ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kampuni inayowalipia mkurugenzi na mhasibu mkuu matibabu, huku madereva na walinzi wakiambiwa wajitegemee, haiwezi kudai kwa uso mkavu kwamba mpango wake haubagui. Akija mkaguzi, swali lake la kwanza litakuwa orodha ya wafanyakazi wote ilinganishwe na orodha ya walio kwenye bima. Ushauri wangu, ambao si wote wanaoupenda, ni kwamba ni heri mpango wa kawaida unaomgusa kila mtu kuliko mpango wa kifahari wa watu watatu.

Swali linalonifikia mara nyingi linahusu marejesho: mfanyakazi ameugua usiku, amelipa mwenyewe hospitalini, kisha mwajiri anamrudishia. Kama marejesho yanalingana na kilicholipwa, yanatolewa kwa stakabadhi, na kila mfanyakazi ana haki hiyo kwa sera iliyoandikwa, hoja kwamba ni malipo ya matibabu na si mshahara ina nguvu. Ikiwa kila mwezi kila mtu anarudishiwa kiasi kilekile cha mviringo, hiyo ni posho tu hata ikiitwa marejesho.

Hatua ya nne: geuza posho kuwa malipo ya matibabu

Mfanyakazi mmoja mmoja hupata shida kulifanya hili peke yake, kwa kuwa mpango wa mtu mmoja ndio hasa unaogonga mwamba wa ubaguzi. Lipelekeni kama wafanyakazi, kupitia tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo, au kwa barua fupi kwa ofisa rasilimali watu. Barua iombe mambo matatu: posho ya matibabu ifutwe kuanzia mwezi fulani, kiasi hichohicho kitumike kulipia bima ya wafanyakazi wote na familia zao, na mabadiliko hayo yaingizwe kwenye mikataba ya ajira. Msisitize kwamba mwajiri haongezi gharama. Kama ana wafanyakazi wa kutosha kulipa tozo ya ufundi stadi, yaani SDL, mkumbusheni kwamba posho huongeza jumla ya mishahara inayotozwa SDL, ilhali bima iliyo ndani ya masharti haiongezi.

Jambo la mkataba lisipuuzwe. Kama mkataba bado unasema mfanyakazi analipwa posho ya 150,000, na mwajiri amekuwa akiipeleka kwa bima kwa makubaliano ya mdomo, mkaguzi atasema kwamba fedha ilikuwa ya mfanyakazi tangu mwanzo na mwajiri aliisafirisha tu kwa niaba yake. Pata nyongeza ya mkataba iliyosainiwa kabla ya mwezi wa kwanza wa malipo, kisha mkataba wa bima wenye jina la mwajiri kama mnunuzi, na kiambatisho chenye majina ya wanufaika na uhusiano wao na mfanyakazi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vikae kwenye jalada la kila mtu.

Mwezi wa kwanza baada ya mabadiliko, fungua hati ya mshahara na ukokotoe PAYE mwenyewe kama tulivyofanya hapo juu. Mwajiri hupaswa kupeleka PAYE ya mwezi TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kosa ukilibaini tarehe 28 hurekebishwa kwa dakika tano, lakini ukilibaini miezi minane baadaye litahitaji barua, marekebisho ya taarifa na uvumilivu.

Hatua ya tano: kwa mfanyabiashara, tenganisha mwili wako na biashara yako

Kifungu cha 11 kinaruhusu matumizi yaliyofanyika yote kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara pekee, na kinakataza matumizi binafsi. Bima ya wafanyakazi, kupima afya za wapishi na wahudumu wa mgahawa, vipimo vya afya kazini vinavyotakiwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, sanduku la huduma ya kwanza, glavu na barakoa za karakana: yote haya ni gharama za biashara. Kampuni iliyolipa bima ya wafanyakazi ya milioni 6 inapunguza faida inayotozwa kodi kwa milioni 6, na kwa kiwango cha asilimia 30 kodi yake inapungua kwa 1,800,000.

Upasuaji wa mwenye duka si gharama ya duka. Mfanyabiashara binafsi hawezi kujiajiri mwenyewe, hivyo hana mshahara ambao ungebeba msamaha wa kifungu cha 7, na hoja kwamba akifa biashara itakufa pia haijawahi kumshawishi afisa kodi yeyote niliyewahi kukaa naye. Mambo ni tofauti kidogo kwa aliyesajili kampuni na anayelipwa mshahara na kampuni hiyo kama mkurugenzi, kwa maana yeye ni mwajiriwa, na anaweza kuwa ndani ya mpango wa bima wa kampuni alimradi wafanyakazi wengine nao wamo.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa bado mgeni katika kazi, nilitunza vitabu vya mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, na bili ya kujifungua ya mkewe niliiweka chini ya kichwa cha gharama nyinginezo, nikiamini kwamba katika kurasa arobaini hakuna atakayeiona. Mkaguzi aliifikia kabla hajamaliza chai. Alichofanya baadaye ndicho kilichoniuma: baada ya kuipata hiyo moja, aliomba risiti ya kila kilichokuwa chini ya kichwa hicho, na tukakosa uthibitisho wa matumizi halali yaliyoizidi bili ile mara kadhaa. Tangu hapo malipo binafsi ya mwenye biashara nayaandika kwenye akaunti ya matumizi ya mwenye mali, mahali ambapo hayagusi faida.

Michango pia iangaliwe. Ukichanga kwenye kundi la simu kwa ajili ya matibabu ya jirani, huo ni ubinadamu wako na kodi haihusiki. Biashara ikichangia vitanda kwa mradi wa maendeleo ya jamii au kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na Kamishna Mkuu wa TRA, sheria inaruhusu makato, lakini yasizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Omba barua ya kupokea mchango siku hiyohiyo. Taasisi nyingi huwa na shukrani nyingi siku ya picha na kigugumizi miezi sita baadaye.

Ajali kazini ina njia yake. Mwajiri anayechangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asikimbilie kulipa bili yote na kuinyamazia. Atoe taarifa ya ajali kwa mfuko, kwa sababu matibabu ya aliyeumia kazini ni sehemu ya kile anachokichangia.

Hatua ya sita: tunza karatasi kama unavyotunza fedha

Kwa kila malipo unahitaji ankara inayotaja huduma na jina la aliyetibiwa, stakabadhi ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti, yenye TIN (namba ya mlipakodi) ya mtoa huduma, na uthibitisho kwamba fedha ilitoka kwenye akaunti ya mwajiri. Katika hospitali za serikali malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo namba hiyo na stakabadhi yake viambatishwe. Risiti ikiandikwa jina la mfanyakazi peke yake wakati aliyelipa ni kampuni, ombeni irekebishwe palepale dirishani.

Karatasi ya mashine ya EFD hufifia. Kwa joto la Dar es Salaam, risiti iliyokaa kwenye droo ya gari tangu Januari huwa nyeupe kabisa ifikapo Juni, na mkaguzi hawezi kusoma weupe. Ipige picha au itoe nakala siku ileile, andika kwa kalamu pembeni jina, tarehe na kiasi, kisha uiweke kwenye jalada la mwezi wake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano.

Ukiwa bado dirishani, tazama jambo moja jingine: huduma za matibabu na bima ya afya zimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, hivyo ukiona asilimia 18 imeongezwa juu ya bili ya daktari, uliza kabla hujalipa.

Hatua ya saba: ingiza kwenye makadirio na ritani, na ukikataliwa pinga kwa wakati

Mfanyabiashara anayelipa kodi kwa awamu nne, ambazo kwa mwaka wa kalenda huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, anaweza kurekebisha makadirio yake ya kodi ya mwaka pale anapoanza kulipia bima katikati ya mwaka, badala ya kusubiri ritani ndipo adai kwamba amelipa zaidi. Kwenye ritani yenyewe bima na vipimo vya wafanyakazi viwe na mstari wao, visizikwe ndani ya gharama nyinginezo, kwa sababu kichwa hicho ndicho mkaguzi anachokifungua kwanza.

Gharama ikikataliwa na ukatolewa makisio mapya ya kodi, una siku 30 tangu kuyapokea kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu kwa maandishi, ukieleza sababu moja baada ya nyingine na kuambatisha nakala. Ili pingamizi lipokelewe unatakiwa kulipa kiasi cha kodi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna akikupunguzia au kukusamehe sharti hilo kwa maombi yako yenye sababu za msingi. Usiporidhika na uamuzi wake, ngazi inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Siku 30 huhesabiwa tangu barua ilipokufikia, kwa hiyo piga muhuri wa tarehe juu ya bahasha mara tu inapoingia ofisini, na bahasha yenyewe usiitupe.